Mji Wangu Siutoi: Mafumbo ya Visiwa vya Riven

Sheria ya kitendawili tunaijua sote, wa pwani na wa bara. Mtegaji hutega, wenzake hutafuta, na wakishindwa humpa mji ndipo jawabu litoke. Niliikumbuka sheria hii hapa Makole, Dodoma, usiku mmoja nilipokwama mbele ya kompyuta ya mpwa wangu. "Mjomba," akaniambia, "majawabu yote yamo kwenye intaneti. Nikusomee?" Nikamjibu kwamba mji wangu siutoi.

Mchezo wenyewe ni Riven, uliotolewa mwaka 1997 na kampuni ya Cyan ya Marekani, ukiwa mwendelezo wa Myst wa mwaka 1993. Mchezaji hamwendeshi mtu anayeonekana mbele yake. Macho yanayotazama ni yake mwenyewe. Hana silaha, wala hakimbizwi na saa. Ametumwa katika visiwa vitano kumwokoa Catherine, mke wa Atrus, aliyetekwa na Gehn, babaye Atrus. Katika hadithi hii, mwandishi mwenye elimu huandika kitabu, na kitabu hicho kikawa mlango wa kuingilia dunia nyingine. Mpenzi wa mashairi hahitaji kushawishiwa zaidi.

Mwendelezo mwingi hurudia kilichopendwa, ukaongeza chumvi. Riven haikufanya hivyo. Katika Myst, fumbo aghalabu ni kufuli: ukishalifungua umemalizana nalo. Katika Riven fumbo ni lugha, na lugha haifunguliwi, hujifunzwa.

Kijijini kuna chumba cha shule, na ndani yake mwanasesere wa kuhesabia. Ukimzungusha, hutokea alama, na kijimtu kilichoning'inizwa huteremka hatua kadhaa kuelekea mdomo wa mnyama wa majini aitwaye wahrk. Hesabu hatua, utaijua namba. Hapana maelezo. Utagundua baadaye kwamba alama ya tano ni ile ya moja iliyolazwa ubavu, na sita ni tano iliyobeba moja. Wenzetu Wamakua nao husema sita kuwa ni tano na moja. Kwa hiyo mantiki hiyo si ngeni kwetu. Lakini ukifika ziwani utauona mtambo halisi wa kunyongea watu, na huyo wahrk akiwa chini yake. Hapo ndipo unapotambua kwamba watoto wale walifundishwa kuhesabu na kuogopa katika somo moja. Nami, mchezaji, nimeijua hesabu ya mtawala kwa njia ile ile.

Waasi wana fumbo lao. Wametawanya visiwani macho ya mbao. Ukiligeuza moja hutoa mlio wa mnyama, na mgongoni lina namba. Umbo la mnyama huyo limefichwa katika mandhari, mahali ambapo pengine umepita mara kumi. Siri yao imeandikwa basi kwa namba za mtawala na kwa sauti za nchi yao. Wasomaji wa visiwani, ambao kwao kanga husema lisilosemeka na taarabu humfikia mlengwa bila kumtaja, hawatahitaji mfasiri hapo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua.

Gehn naye ni funzo kwetu tunaoandika. Huokota vifungu kutoka vitabu vya zamani na kuviunganisha bila kuelewa vinavyoshikana, na dunia zake huoza na kupasuka. Riven yenyewe hakuipa jina. Aliiita Zama ya Tano tu. Nimewahi kusoma tenzi za namna hiyo, zenye vina timamu na mizani kamili, zilizojaa maneno makongwe yaliyookotwa, na ndani hamkaliki. Nimewahi kuandika moja pia.

Lipo la kulaumu. Wenyeji hutukimbia na kufunga milango, na wachache wanaotusemesha husema lugha ambayo hapana anayetufasiria. Catherine ni mzaliwa wa nchi ile, lakini hata yeye hutuzungumzia kwa lugha yetu wachezaji. Tunafundishwa namba za mtawala mpaka tunazimudu. Lugha ya watawaliwa hatufundishwi hata salamu. Mchezo unaomheshimu mchezaji kiasi hiki ungeweza kuwaheshimu hivyo na wenye nchi.

Mwaka 2024 Cyan waliutoa upya. Picha za zamani zilizosimama zimekuwa mahali pa kutembea, na baadhi ya mafumbo yamebadilishwa, ili hata aliyehifadhi majawabu ya 1997 aanze kutazama tena. Naliona hilo kuwa jambo la haki kwa mchezo ambao jawabu lake pekee halina thamani.

Mimi sikusomea tafsiri chuoni. Lugha nilizonazo nilizipata kwa kukosea peke yangu, nikilinganisha ukurasa na ukurasa mpaka neno moja likatoa mwanga. Niliwahi kuambiwa, mahali nilipopeleka kazi yangu, kwamba ujuzi usio na cheti haupimiki. Katika chumba kile cha shule hapana aliyeniuliza cheti. Niliulizwa tu kama nimetazama.

Ilinichukua usiku tatu kupata namba zilizonikwamisha. Mpwa wangu alikuwa amelala. Nilimwamsha, nikamwonyesha daftari. Akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Na hii ya ishirini, mjomba, umeijuaje?" Nikamwambia: "Tafuta."