Assassins: mashindano ya wauaji, na wafu wenye hatujue

Jumamosi jioni umeme ulirudi mu kartie yetu hapa Bukavu, na mudogo wangu, mwenye yuko anamaliza humanités, akaleta flash yenye filme ya zamani: Assassins, ya mwaka 1995. Stallone na Antonio Banderas mu filme moja! Nilijiambia kwamba hata kama ni ya zamani, hatutalala. Saa mbili na dakika kumi na mbili kisha, nilikuwa nimepiga miayo kuliko nilivyoogopa.

Habari yenyewe ni nyepesi. Robert Rath (Stallone) ni muuaji wa kulipwa, njo wa kwanza mu kazi hiyo, lakini amechoka na anataka kuacha. Miguel Bain (Banderas) ni kijana mwenye anataka ile nafasi ya kwanza. Rath anakwenda kuua tajiri mmoja kwenye mazishi, bunduki ameificha ndani ya plasta ya mkono. Mbele afyatue, Bain amekwisha kumuua yule tajiri. Kuanzia hapo wanashindana, mupaka kazi inawafikisha kwa Electra (Julianne Moore), mwanamke mwenye anaiba habari za watu kwa kamera na ordinatere. Rath anapashwa kumuua, lakini anamwacha, na wote wawili wanakimbia pamoja.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Kuna sehemu mbili zenye nilipenda kweli. Ya kwanza ni ile ya taksi: Bain anakimbia polisi, anaingia mu taksi, na dereva ni Rath. Kati yao kuna kioo cha kuzuia risasi. Wanaongea, wanapimana, na sisi tunangoja. Ya pili iko San Juan, Puerto Rico. Rath anaingia banki. Bain anamngoja mu nyumba mbovu ngambo ya barabara, bunduki dirishani. Rath anajua kwamba kijana hana uvumilivu, kwa hiyo anachelewa makusudi. Joto linamkula Bain, jasho linatoka, anaanza kusema peke yake. Banderas anaiweza sana ile sehemu. Muone vizuri: filme ya bunduki inakuwa na nguvu wakati bunduki zimenyamaza.

Sasa shida iko wapi? Wengine watasema ni urefu, ao ni uso wa Stallone wenye haubadilike. Mi nilielewa shida kwa njia ingine. Mudogo wangu alikuwa anahesabu sawa mpira: «Bain sita, Rath mbili!» Na mi nilikuwa namusahihisha, «apana, saba.» Wakati wa mauaji ya hoteli, mama akapita na sahani mkononi, akasimama kidogo, akauliza: «Huyu mwenye amekufa, ni mutoto wa nani?»

Hakuna mwenye alijibu. Si kwamba hatukufuata. Filme yenyewe haijue. Kazi za Rath zinaingia kwa ordinatere, tunasoma maandishi pamoja naye, na bei. Nani alitaka wale watu wafe? Walikosa nini? Nani atawalilia? Senario haina nafasi ya maulizo hayo. Hapa kwetu mutu akiuawa usiku, asubuhi ulizo la kwanza njo lile la mama. Kisha tunauliza nani alituma. Filme hii inauliza tu nani ni wa kwanza.

Mutanijibu: Rath anajuta. Ndiyo, lakini anamjutia nani? Mutu mmoja tu anamuuma moyoni: Nicolai, mwalimu wake wa zamani, mwenye anaamini alimuua kwa mkono wake. Muuaji anamlilia muuaji mwenzake. Wale wengine wote hawakumnyima usingizi. Na Electra, mwenye anaanza na akili yake, kazi yake na paka yake, mwishoni amekuwa sawa mzigo wa kubebwa. Kumpa Julianne Moore kazi ya namna hiyo ni hasara.

Filme haikukosa watu wa kazi. Richard Donner, mwenye aliiongoza, alikuwa amekwisha kutupatia Superman mu 1978. Senario ya kwanza iliandikwa na Wachowski, wale wenye walileta The Matrix mu 1999. Brian Helgeland aliandika upya, na Wachowski wakajaribu kuondoa majina yao, haikuwezekana.

Na musiniambie kwamba filme ya wauaji haiwezi kufanya vingine. Mwaka mmoja mbele, 1994, Luc Besson alitoa Léon. Mathilda anarudi kutoka duka na vitu vya kula mkononi, anakuta jamaa yake wameuawa, na mudogo wake wa miaka minne. Anapita mbele ya mlango wake sawa vile si kwake, anafika kwa mlango wa Léon, anapiga kengele, analia polepole. Wale wafu tuliwaona dakika chache tu, lakini tunajua walikuwa watoto wa nani. Kwa sababu hiyo ule mlango unatuogopesha kuliko risasi zote za Bain.

Basi, kama muko na Assassins, mutazame taksi na dirisha la San Juan, kisha muzime mulinde umeme. Siku ya pili nilimwekea mudogo wangu Léon. Hakuhesabu. Mama naye hakuuliza kitu: alikuwa amelala mapema.