Kidole cha Mvuvi wa Mshipi

Kwa mtu wa Kinyangiri, samaki ni perege na kambale wanaoletwa kutoka Ziwa Kitangiri, na habari zao huishia hapo. Wilaya yetu ya Mkalama ni nchi ya alizeti, mtama na kuku. Hatuna desturi ya kuulizana samaki kavuliwaje. Lakini jirani yetu mmoja, mzee aliyeondoka hapa kijana akarudi na mvi, hanunui samaki kabla ya kumfunua mdomo. Anatafuta tundu la ndoano. Asipoliona husonya, akasema, "Wa wavu huyu," kisha analipa bei ileile tunayolipa sisi, kwa uso wa mtu aliyeuziwa mtumba kwa bei ya nguo mpya.

Alivulia Ukerewe, upande wa Ukara, miaka ile sangara walipokuwa wanalijaza Ziwa Victoria. Sangara si mwenyeji wa ziwa lile. Aliingizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, akaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatulia kwa muda, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawala furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kila rangi. Vikafuata viwanda vya minofu pale Mwanza. Hayo yameandikwa sana na wenye elimu yao, nami sina haja ya kuyarudia. Ninachotaka kukisifu mimi ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa yule mzee.

Kidole hicho kina mfereji. Mshipi umepita juu yake usiku baada ya usiku mpaka ngozi imefanya njia, ingawa anasema siku zote alikifunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Ukimuuliza kazi yake ilikuwaje, hasimulii samaki. Anasimulia sakafu ya ziwa.

Sangara mkubwa, asema, hapendi uwanda. Hukaa ukingoni, pale mwamba wa chini ya maji unapokatika ghafla na kushukia kilindini, akingoja wadogo wanaozurura juu ya jiwe. Ukingo huo hauonekani. Juu yake maji ni yaleyale, mawimbi ni yaleyale. Kwa hiyo mvuvi anaupata kwanza kwa macho yanayotazama nchi kavu. Analipanga jabali la kisiwa liufunike mwembe ulio nyuma yake; huo ni mstari mmoja. Anageuka, analipanga paa la kanisa liingie katikati ya vilima viwili. Huo ni wa pili. Mistari miwili inapokutana chini ya mtumbwi, jiwe la nanga linashushwa. Wavuvi wa Pwani huijua miamba yao kwa alama za namna hiyohiyo, na kote huko alama ni mali ya ukoo. Humwambii mtu wa dago lingine, yaani kambi nyingine ya wavuvi, hata kama mmekunywa naye uji.

Baada ya macho, kidole. Chubwi lake lilikuwa plagi kuukuu ya injini, kwa sababu risasi ilikuwa ghali na plagi zilitupwa bure. Inashuka, mshipi unakimbia juu ya kidole, kisha unalegea. Hapo ndipo elimu ilipo. Ikiwa chini ni matope, plagi inazama taratibu na kuinuka kwa uvivu, inang'ang'aniwa. Kwenye mchanga inatambaa. Kwenye jiwe inagonga, na mshindo huo unapanda pima 15 za mshipi hadi kwenye kifundo cha mkono. Kisha anailegeza kamba ya nanga kidogo kidogo, mtumbwi urudi nyuma na upepo, huku akiiinua plagi na kuishusha: jiwe, jiwe, jiwe. Ghafla haigongi. Mshipi unaanza kukimbia upya, pima 16, 18, 21, mpaka matope. Mzee akifika hapa kwenye masimulizi hunyamaza na kuinua kidole hicho, kana kwamba bado kina kitu kinachoning'inia.

Kamba ya nanga inafungwa. Chambo, furu hai au kambale mchanga, kinapandishwa kiogelee kimo cha ule ukingo, si juu wala chini yake. Na kimo chenyewe hubadilika na majira. Kati ya Septemba na Aprili maji ya Victoria hujitenga matabaka, lile la chini likapungukiwa hewa, na samaki hawezi kukaa huko. Huo ndio wakati wa kuvua juu ya mwamba. Upepo wa kusini wa Juni hadi Agosti ukishalikoroga ziwa, sangara hushuka na kutawanyika. Wataalamu walilipima jambo hili kwa vyombo. Mzee aliliita tu "ziwa kulala" na "ziwa kuamka", akaongeza au kupunguza pima zake.

Halafu subira. Sangara hadonoi, hufungua mdomo na kuvuta maji pamoja na chambo. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mshipi kuwa mwepesi, maana samaki anapanda nacho. Mwenye pupa huvuta hapo hapo, akabaki na ndoano tupu. Anayejua humwacha ageuke, kisha anavuta mara moja na kumtoa haraka mbali na jiwe, kabla mshipi haujasagwa ukingoni.

Kila ziwa lina kingo zake. Kule Kigoma zipo karibu na mlango wa nyumba, kwa kuwa Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470, mahali pengi huporomoka mara tu unapoacha ufuko, na mwenye mtumbwi mdogo anaweza kumshushia kuhe chambo huku akisikia watoto wakilia nyumbani. Wamarekani nao wana mabwawa ya mto Tennessee, ambako besi hukusanyika wakati wa joto kwenye kingo za mto wa zamani uliofunikwa na maji. Ndugu za samaki hao walipandwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920. Wenzetu hao wa Tennessee wana kioo kinachowachorea sakafu yote, jiwe kwa jiwe. Siwalaumu. Ila sioni kidole kitajifunza nini mbele ya kioo.

Lawama yangu iko karibu zaidi. Sheria yetu inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Mtu wa mshipi akimpata mdogo humchomoa na kumrudisha akiwa bado ana nguvu. Anavua mmoja mmoja, anaona anachokishika. Kokoro, ule wavu wa kukokotwa, halina macho hayo. Linakokota mchanga na mayai na vifaranga, kisha tunafanya operesheni, tunachoma nyavu, picha zinapigwa, na mwaka unaofuata tunachoma nyingine. Sijasikia bado mtu aliyekwenda kuwauliza wazee wa mshipi alama zao.

Kwetu mzee hana pa kuitumia elimu hiyo. Kitangiri hupokea maji ya Wembere na kuyatoa kwa Sibiti kuelekea Eyasi, na kina chake ni kifupi. Alikwenda huko na mshipi wake akarudi siku hiyohiyo. "Plagi inafika kabla hujaiachia," alisema.

Mjukuu wake alipoaga kwenda Mwanza kutafuta kazi, mzee alimpa alama tatu. Kijana akaziandika kwenye simu. Krismasi alirudi akamweleza babu yake kwamba jabali lipo, kanisa limeezekwa upya lakini lipo, mwembe haupo. Watu wa pale walisema ulikatwa kwa ajili ya mkaa. Mzee akauliza kama kisiki kimebaki. Kijana hakukitafuta, kwa sababu tajiri mwenye mtumbwi anatumia nyavu, na wao hulipwa kwa kilo.