Mashine ya Espreso Ikigoma, Anza na Kikombe

Mwenye mashine ya espreso nyumbani akipata kikombe kibaya, mkono humwenda kwenye bisibisi au kwenye simu ya fundi. Mara nyingi huwa anamshtaki asiyehusika. Kikombe kina watuhumiwa wanne: buni, usagaji, maji na mashine, na mashine ndiyo ya kushukiwa mwisho. Fundi hodari hutambulika mlangoni tu. Kabla hajalegeza skrubu hata moja, anauliza kahawa ilikaangwa lini na inasagwa na nini.

Kipimo cha kuanzia kipo. Istituto Nazionale Espresso Italiano, taasisi iliyoanzishwa Italia mwaka 1998, ilitaka kikombe kimoja kitokane na gramu 7 za kahawa, kijae mililita 25 kwa sekunde 25, maji yakiwa na nyuzijoto 88 na yakisukumwa kwa presha ya bar 9. Wapishi wa siku hizi hupima kwa mizani: gramu 18 za kahawa kwenye kikapu cha vikombe viwili, gramu 36 hivi za kinywaji, sekunde 25 hadi 30. Si sheria. Ila asiye na mizani ndogo na saa ya simu hana njia ya kujua kama tatizo limeisha au limehama tu.

Bar 9 nazo zina historia. Achille Gaggia wa Milan alipata hataza mwaka 1938, na baada ya vita mashine zake za mkono wa springi ndizo zilizowazoesha Waitaliano kikombe chenye povu juu. Mwaka 1961 Faema ikatoa E61, na pampu ikachukua kazi ya mkono. Pampu ndogo za mashine za nyumbani leo huandikwa bar 15 kwenye boksi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Namba hiyo ni uwezo wa pampu, wala si presha inayoifaa kahawa. Mashine iliyotengenezwa kwa akili, kama Gaggia Classic iliyoingia sokoni mwaka 1991, ina vali inayoirudisha presha ya ziada tangini.

Turudi kwenye kikombe. Kosa linaloongoza ni kahawa kububujika na kumalizika kwa sekunde 12 au 15, ikiwa nyepesi na chachu. Kinachotakiwa ni hiki: sekunde 5 hadi 10 za kwanza hakuna kitu, kisha yanatokea matone mazito, meusi, matone yanaungana kuwa uzi mmoja mwembamba, mkia wa panya kama Waitaliano wanavyouita, wa hudhurungi iliyokolea. Uzi unapauka taratibu, na unapogeuka njano ndipo mkono uzime swichi. Uzi ukianza na unjano, kahawa imesagwa nene au ni kidogo mno kikapuni. Usagaji ulainishwe hatua moja, vingine vyote viachwe vilivyo, kisha kikombe kingine kijaribiwe. Anayebadilisha usagaji, kipimo na joto kwa mpigo mmoja hajifunzi chochote, hata akibahatisha kikombe kitamu.

Kinyume chake ni kahawa inayodondoka tone kwa tone na kufika nusu dakika kikombe kikiwa na kijiko kimoja cha lami. Hiyo imesagwa laini mno, au kikapu kimejazwa kupita kiasi.

Ulimi nao una kazi yake. Mtu aliyekulia kahawa ya dele ya pwani, ile inayoshushiwa kashata, haogopi uchungu, na ndiyo maana mara nyingi huuvumilia uchungu ambao espreso haikupaswa kuwa nao. Uchungu mzuri hupita. Ule wa kahawa iliyokamuliwa kupita kiasi hukaa kooni na kuukausha ulimi. Uchachu ni mgumu zaidi kuupima. Kahawa ya Nyeri au Kirinyaga ina uchachu wa asili, na unasifiwa dunia nzima. Huo hufuatwa na utamu wa tunda lililoiva. Uchachu wa kahawa isiyokamuliwa vya kutosha hauna utamu nyuma yake, bali chumvi kidogo na ukakasi. Anayeuchanganya huu na ule atahangaika na kinu juma zima akitafuta kuondoa kitu ambacho mkulima alikipalilia makusudi.

Povu linasifiwa kuliko linavyostahili. Kweli, povu lisipotokea kabisa, kwa kawaida kahawa ni kuukuu: gesi iliyobaki ndani ya buni baada ya kukaangwa imeshatoka. Kahawa huwa katika ubora wake kuanzia kama wiki moja baada ya kukaangwa, na ikipita miezi miwili mfuko ukiwa wazi, hakuna fundi atakayeifufua. Lakini wingi wa povu si ushahidi wa ubora. Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera na Uganda, hutoa povu jingi na nene kuliko arabika ya Kilimanjaro hata kikombe kikiwa cha kawaida tu. Tena mashine nyingi za bei nafuu huja na kikapu chenye kuta mbili na kitundu kimoja kama cha sindano. Kitundu hicho hutengeneza povu lenyewe, hata kwa kahawa ya dukani iliyosagwa mwaka jana. Kinamfaa asiye na kinu. Anayetaka kujifunza kuonja akitoe, aweke kikapu cha kawaida, kisha atafute kinu cha meno; cha visu hukatakata buni hovyo, vumbi na chenga pamoja, na maji hupita kwenye chenga.

Maji hupenda njia rahisi. Unga ukikaa upande mmoja wa kikapu, au ukishindiliwa kwa mkono uliopinda, maji hutoboa mahali pamoja na kuacha kwingine. Kikombe hicho huwa kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, dalili inayowachanganya wengi. Dawa ni kuuvuruga unga kwa sindano nyembamba hadi mabonge yaishe, kuusawazisha, kisha kuushindilia wima. Nguvu ya mkono haina uzito mkubwa. Unyoofu ndio wenye uzito.

Hayo yote yakishatengemaa na kikombe bado kibaya, sasa mashine ishtakiwe. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa: uondolewe mpini unaoshika kikapu, pampu iwashwe, mdomo wa mashine utazamwe kutoka chini. Maji yanapaswa kushuka kama manyunyu kutoka matundu yote. Yakishuka kwa mchirizi mmoja wa pembeni, kiwambo cha matundu kimeziba kwa mafuta ya kahawa. Hufunguliwa kwa skrubu moja, hulowekwa kwenye maji moto yenye sabuni ya mashine za kahawa, kisha hurudishwa. Yakishuka vizuri bila mpini lakini yanagoma ukirudishwa, basi mashine haina hatia na mjadala unarudi kwenye kinu. Pampu ikinguruma bila maji kutoka, kwanza tangi liangaliwe kama limekaa sawasawa, kisha vali ya mvuke ifunguliwe ili hewa iliyonasa ipate pa kutokea. Maji yakivuja kando ya mpini, uchafu ufutwe kwenye ukingo. Yakiendelea, mpira wa kuzibia umekauka. Ni kipuri cha bei ndogo.

Chokaa ndiyo muuaji wa polepole. Mashine huchelewa kupata moto, maji hupungua, mvuke hufifia. Unga wa asidi ya sitriki unaouzwa kwa waoka keki unatosha, gramu 15 hadi 20 kwa lita ya maji, na kusuuza tangi zima mara mbili au tatu. Boila ya alumini isilowekwe muda mrefu. Siki inafanya kazi, ila harufu yake hukataa kuondoka. Kwa wakazi wa pwani kuna jambo jingine: maji ya visima vya Dar es Salaam na Mombasa mara nyingi yana chumvi, na chumvi haisafishwi kwa asidi. Inakula chuma. Maji ya chupa yenye madini kidogo ni nafuu kuliko boila mpya.

Kuhusu umeme hakuna ufundi wa jikoni. Breka ikijizima kila mashine inapopata moto, huenda koili imepasuka na inavujisha umeme; ichomolewe na apewe fundi wa umeme. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120, na ikichomekwa kwenye soketi ya Tanzania au Kenya bila transfoma itaungua siku hiyo hiyo.

Kwa anayenunua iliyotumika, kipimo cha ubora ni kama inafunguka. Skrubu za kawaida ni dalili njema kuliko plastiki iliyobanwa kwa gundi. Kikapu cha milimita 58, kama cha Gaggia Classic au Rancilio Silvia, ni kipimo cha mashine nyingi za mikahawani, hivyo vipuri vyake havikosekani. Tangi lichunguliwe kwa tochi, mpini ubanwe na kufunguliwa, na mashine iachwe ikiwaka robo saa, mvuke utolewe, pampu isikilizwe. Muuzaji akidai kwamba dukani kwake hakuna maji ya kujaribia, mnunuzi aende duka la pili.