Fungua Boksi Kwanza

Mwenye nyumba mpya hukagua umeme kwa kuwasha taa. Anawasha, anazima, anachomeka chaja kwenye kila soketi, anaridhika, fundi analipwa. Katika ukaguzi huo wote waya wa ethi haukuguswa. Laivu ikikatika, taa haiwaki. Nyutro ikikatika, haiwaki pia. Ethi ikikatika kila kitu kinaendelea kama kawaida, hadi siku jokofu litakapovujisha umeme kwenye bati lake na mtu akalishika akiwa pekupeku. Kwa hiyo fundi umeme mimi humpima kwa ethi, na ethi naitazama ndani ya janksheni boksi, pale sakiti mpya inapochipuka kutoka kwenye ya zamani.

Zima swichi kuu, hakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo, kisha tafuta boksi. Likiwa limefunikwa na lipu, kazi imeshaharibika kabla hujaona waya. Maungio yasiyofikika hayawezi kukaguliwa wala kukazwa tena.

Ukiondoa kifuniko, hesabu. Kila bomba linaloleta laivu na nyutro lilete na waya wa kijani na njano, na nyaya zote za rangi hiyo zikutane pamoja. Katika nyumba za zamani ethi ni ya kijani kitupu, laivu nyekundu na nyutro nyeusi, ilhali nyaya mpya za laivu ni za kahawia na za nyutro ni za buluu. Fundi makini huzitambulisha rangi hizo pale zinapokutana, ili anayekuja baada yake asibahatishe. Kama kebo ni ile bapa ambayo waya wake wa ethi hauna ganda, waya huo uvalishwe mpira wa kijani na njano mpaka kwenye skrubu.

Kisha vuta. Shika waya mmoja mmoja, uvute kwa nguvu ya wastani, unaochomoka haukukazwa. Shaba isionekane nje ya konekta, na skrubu isiwe imebana ganda badala ya shaba, kosa ambalo kwa nje halionekani kabisa. Nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu bila konekta sizikubali hata kama fundi ameapa. Juu ya dari, chini ya bati, joto la mchana hulainisha gundi ya tepu, nayo hujifungua taratibu.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni mkia. Fundi wa kawaida huingiza ethi inayokuja na inayoendelea katika skrubu moja ya soketi. Inafanya kazi, ila siku soketi hiyo ikitolewa ibadilishwe, soketi zote za mbele zinabaki bila ethi na hakuna anayejua. Fundi hodari huziunganisha nyaya hizo kwenye konekta ndani ya boksi, kisha anatoa kipande kifupi kwenda kwenye soketi. Ukiona mkia huo, mtu huyo alimfikiria fundi wa baadaye. Na boksi likiwa la chuma, liwe na kipande chake pia, kutoka kwenye konekta hiyo hadi kwenye skrubu ya ethi ya boksi lenyewe.

Waya wenyewe usiuamini kwa maandishi. Kwa kawaida soketi hupewa wa milimita za mraba 2.5 na taa 1.5. Kwangua ncha kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ya kughushi hutoa weupe wa alumini.

Sasa uovu mkubwa. Kuna wanaokosa ethi kwenye sakiti ya zamani, wakaunganisha pini ya ethi na nyutro ndani ya soketi. Kipimo cha taa tatu kinasema sawa. Nyutro ikikatika siku moja, bati la birika la umeme linapokea volti 230 kamili. Breka ya RCCB, ile inayokata umeme unapovujia ardhini, huweza kuligundua jambo hilo kwa kukata pale tu bati la kifaa linapogusa kitu kilichoshikana na ardhi, na fundi mvivu, badala ya kutafuta kosa, huiondoa breka.

Breka hiyo si anasa. Fimbo ya ethi iliyopigiliwa ardhini yenye ukinzani wa ohm 10 huruhusu, kwa volti 230, ampea 23 tu, nayo breka ya kawaida ya ampea 32 haitajua kwamba kuna hitilafu. RCCB ya miliampea 30 itakata. Mkaa na chumvi shimoni hupunguza ukinzani kwa muda, lakini mvua huondoa chumvi, nayo chumvi hula chuma cha fimbo. Bomba la maji nalo halifai tena kuwa ethi, kwani siku hizi mengi ni ya plastiki.

Kitufe cha T kwenye RCCB kinapima breka yenyewe, hakipimi ethi. Omba kipimo cha ukinzani, umeme ukiwa umezimwa, kutoka pini ya ethi ya soketi ya mwisho hadi baa ya ethi ya ubao mkuu. Waya wa 2.5 wenye urefu wa mita 20 una takriban ohm 0.15; kipimo kikionyesha ohm 3, kuna kiungo kilicholegea mahali, na ni kazi ya fundi kukitafuta. Tanzania Bara leseni ya ufungaji umeme hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA, nami huiulizia. Baada ya hapo natazama begi la vifaa. Akija na tesita ya bisibisi peke yake, mpe kazi ya kubadilisha balbu.