Heko, Mwalimu wa Mbali

Mwaka 1992 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria, na mwaka 1994 wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo bila kuhama makwao. Enzi hizo somo lilibebwa na karatasi. Leo linapita kwenye simu ya mkononi. Kilichobaki vilevile ni haja ya mwalimu anayejali. Huyo ndiye ninayempongeza.

Namfahamu kwa kazi yake. Wiki ya kwanza humwandikia kila mwanafunzi kwa jina na kumuuliza anaishi wapi, anapata saa ngapi za kusoma. Kwa kuwa bando ni ghali na mtandao wa vijijini husuasua, haweki video ya saa nzima. Hurekodi sauti ya dakika 10 na kuambatanisha maandishi, mtu apakue mara moja asome hata umeme ukikatika. Kipindi cha moja kwa moja hukipanga usiku, muuguzi akiwa ametoka zamu na mama amekwisha kulaza watoto.

Akisahihisha, haandiki “vizuri” akaishia hapo. Huonyesha aya iliyolegea na namna ya kuikaza. Mwanafunzi akinyamaza wiki mbili, hangoji mtihani umwangushe: humpigia simu. Sauti ya mwalimu humrudisha darasani aliyekwisha kukata tamaa.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Ninyi walimu wa mbali mmekataa methali hiyo iwahukumu wanafunzi wenu. Hongereni sana, walimu wetu.