Ndege na Mkia Wake: Picha, Sauti na Maana katika Maandishi ya Kichina

Wahakiki wanaoyatazama maandishi ya Kichina kutoka nje aghalabu hudai kwamba kila alama ni picha, na kwamba anayeisoma huona kitu chenyewe. Dai hili lilipata nguvu mwaka 1919, Ezra Pound alipochapisha insha iliyoachwa na Ernest Fenollosa, aliyefariki mwaka 1908. Kwa mujibu wa insha hiyo, sentensi ya Kichina yenye maana ya "mtu aona farasi" ina uhai kwa kuwa alama zake zote tatu zina miguu. Makala haya yananuia kulipima dai hilo kwa alama mbili za ndege: 鳥 (niao) na 隹 (zhui). Hoja yetu ni kwamba picha hueleza chimbuko la alama, lakini haitoshi kueleza maana yake.

Kuhusu chimbuko hapana shaka. Katika maandishi ya enzi ya Shang, yaliyochongwa juu ya magamba ya kasa na mifupa ya ng'ombe zaidi ya miaka 3,000 iliyopita na kutambuliwa na wasomi mwaka 1899, alama zote mbili ni michoro ya ndege aliyetazamwa ubavuni. Ugumu unazuka tunapouliza kwa nini ziwe mbili. Xu Shen, katika kamusi yake Shuowen Jiezi iliyokamilika yapata mwaka 100 B.K., alijibu kwamba niao ni ndege wenye mikia mirefu na zhui ni wenye mikia mifupi. Jibu hili lapendeza, ila halisimami. Korongo, ambaye mkia wake ni mfupi, huandikwa kwa niao (鶴). Naye zhi (雉), ndege wa jamii ya kware anayejulikana kwa mkia mrefu, huandikwa kwa zhui. Kuku ameandikwa kwa zote mbili, 鷄 na 雞, bila mkia wake kubadilika.

Isitoshe, tayari katika maandishi hayo ya Shang, zhui iliazimwa kwa ajili ya sauti yake ili kuandika neno dogo la kisarufi, ambalo baadaye liliandikwa 唯. Hadi leo tunaikuta ndani ya 誰 (nani) na 推 (kusukuma), ambamo hamna ndege yeyote. Yaliyomo ni matamshi tu. Nayo niao ina historia ambayo mchoro hauidokezi. Kamusi ya Guangyun ya mwaka 1008 yaonyesha kwamba neno hili halikuanza kwa sauti ya n, bali kwa sauti iliyo karibu na t. Wanaisimu hueleza badiliko hilo kuwa ni njia ya kukwepa tusi, kwani neno lilikuwa pia jina la uume, na hutumika kama tusi katika riwaya ya Shuihu Zhuan.

Hata hivyo, si haki kuitupilia mbali picha. Katika 集 (kukusanyika), ndege ametua juu ya mti. Katika 雙 (jozi), mkono umeshika ndege wawili. Kunguru, 烏, ni niao iliyopungukiwa na mstari wa jicho, na Duan Yucai (1735–1815) alifafanua kwamba weusi wake hulificha jicho. Mshairi ana uhuru wa kuziamsha picha hizi zilizolala, na mhakiki ana wajibu wa kumfuata anapofanya hivyo. Lakini sharti shairi lenyewe litoe ushahidi.

Mageuzi ya maandishi yaliyotangazwa China mwaka 1956 yanatupa kipimo bora. Alama 雙 sasa huandikwa 双: ndege wameruka, umebaki mkono, tena umekuwa miwili. Hata hivyo, wasomaji wangali wanaelewa "jozi". Iwapo maana yabaki baada ya picha kutoweka, basi haikuwa imekaa ndani ya picha. Ilikaa katika lugha, vinywani mwa watu, na hapo ndipo mhakiki hana budi kuitafuta kwanza.