Usichezee Visoda

Mwezi uliopita binti yangu wa miaka minne na nusu alirudi kutoka chekechea na karatasi yenye mchoro wa tufaha. Mchoro wenyewe ulikuwa umechapwa. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi bila kutoka nje ya mstari. Alipaka bluu. Mwalimu akaweka alama ya kosa, na chini yake akaandika neno moja: "Nyekundu."

Nikamwuliza mtoto kwa nini alichagua bluu. Akanijibu bila hata kuniangalia: nyekundu alikuwa nayo mwenzake. Kumbe meza nzima ilikuwa na krayoni moja tu nyekundu, na zamu yake haikufika.

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Wiki hiyohiyo nilikuwa nasoma kitabu kinachoitwa Beautiful Stuff!, cha Cathy Weisman Topal na Lella Gandini, kilichotoka Marekani mwaka 1999. Jina lake, kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, ningeliita "Vikorokoro Vizuri". Ni kitabu cha walimu wa watoto wadogo, na mtu anaweza kuuliza kinatafuta nini kwa wasomaji wa riwaya na mashairi. Jibu langu ni kwamba kimeandikwa vizuri kuliko riwaya kadhaa nilizosoma mwaka huu, na kimenigombanisha na mama yangu. Kitabu kinachoweza kufanya hayo mawili kinastahili kuhakikiwa.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Walimu wanawapa watoto mifuko waende nayo nyumbani, pamoja na barua kwa wazazi: tusaidieni kukusanya vitu ambavyo hamvihitaji. Vifungo, vizibo, nyuzi, vipande vya mbao, makombe ya pwani, karatasi za kung'aa. Mifuko inarudi. Inafunguliwa polepole, kama mtu anayefungua zawadi. Watoto wanashika, wananusa, wanabishana kipi kiwekwe na kipi. Wanapanga kwa rangi, kisha wanapangua na kupanga kwa namna nyingine. Baadaye sana ndipo wanaanza kutengeneza nyuso za watu kwa vifungo na vipande vile, na hata hapo gundi haina haraka. Mtoto anapanga, anatazama, anahamisha jicho la kulia, anatazama tena. Kisha zinakuja mbao, kujenga, kupaka rangi.

Kilichonishika ni namna ya kusimulia. Miongozo ya ualimu niliyowahi kuisoma kazini, na nimesoma mingi kwa kuwa naandika habari za elimu, imejaa vitenzi vya kuamuru: mwelekeze, hakikisha, sahihisha. Mtoto ndani yake ni mtendwa tu. Topal na Gandini wameandika hadithi. Kuna wahusika, kuna kungoja, na maneno ya watoto yamewekwa kama yalivyotamkwa. Hadithi inasogea kwa mwendo wa mtoto mwenye kifungo mkononi, na mwendo huo, wenye watoto mnaujua, hauna haraka hata kidogo.

Nyuma ya kitabu hiki kuna mji wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1945, siku chache baada ya vita kwisha, wanakijiji wa Villa Cella waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani ili wajenge shule ya watoto wao. Kijana mmoja mwalimu, Loris Malaguzzi, alisikia habari hizo akapanda baiskeli kwenda kuona kama ni kweli. Alibaki na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1994. Shule ya kwanza ya watoto wadogo chini ya manispaa ilifunguliwa mwaka 1963, na jambo lililozitambulisha shule hizo duniani ni kuwa na karakana ya sanaa ndani ya shule, pamoja na msanii anayefanya kazi bega kwa bega na walimu. Malaguzzi aliamini kwamba mtoto ana lugha nyingi kuliko ile ya mdomo: udongo, waya, kivuli, rangi, na kwamba shule humpokonya nyingi akabaki na moja. Mwaka 1996 mji huo ulianzisha kituo kiitwacho Remida, ambako masalia ya viwandani hukusanywa na kugawiwa shule. Jina limetoka kwa mfalme Mida wa hadithi za kale, yule ambaye kila alichogusa kiligeuka dhahabu.

Nilimpelekea mama kitabu kwa furaha. Mama yangu alifundisha chekechea Morogoro kwa zaidi ya miaka ishirini. Kama kuna mtu aliyejua vikorokoro kabla ya Wamarekani, basi ni yeye. Nyumbani kwetu kulikuwa na gunia la visoda. Alikuwa anaviokota kwenye baa asubuhi kabla hapajafagiliwa, anavifua kwa sabuni, kisha anakaa kibarazani anavigonga kingo kwa jiwe, kimoja kimoja, visije vikamkata mtoto. Alikuwa na vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa raba, magunzi, mbegu za ubuyu. Hakuna mtu aliyemlipa kwa kazi hiyo.

Lakini nakumbuka pia siku moja, nikiwa na miaka sita hivi, nilipopanga visoda vyake sakafuni vikawa nyoka mrefu kutoka mlangoni mpaka chini ya meza. Nilikuwa nimefika kwenye ulimi wa nyoka. Mama akaingia. "Usichezee visoda! Hivyo ni vya hesabu."

Neno hilo, kuchezea, nimelifikiria sana nikisoma kitabu hiki. Kwa Kiswahili ukisema mtoto anacheza, umesema jambo jema. Ukisema anachezea kitu, tayari umeanza kumlaumu. Usichezee chakula. Usichezee maji. Umechezea bahati. Kucheza kukishakutana na kitu tu, kunakuwa uharibifu. Na darasani tuna neno zana: zana za kufundishia, zana za kujifunzia. Jembe ni zana. Zana ina kazi yake, na ikimaliza inarudishwa stoo. Hivyo kisoda kinapoingia darasani kinaitwa zana, kinahesabiwa, moja, mbili, tatu, kisha kinarudi guniani bila mtu kukitazama. Hakuna aliyeuliza mbona kinalia kikidondoka, mbona ndani kina rangi nyingine, mbona kikigeuzwa kinakuwa kisahani.

El Anatsui aliuliza. Msanii huyu, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria, alianza kutumia vifuniko vya chupa za pombe, ndugu wa visoda vyetu. Huvipondaponda, huvikunja, na kuviunganisha kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa mashuka makubwa ya chuma yanayoning'inia kama kitambaa. Mwaka 2023 kazi zake zilitundikwa katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London. Ninachopenda zaidi ni kwamba haamui umbo la mwisho. Wanaotundika wanaruhusiwa kukunja na kukunjua kila wanapohamia ukuta mwingine. Na hapa kwetu, Edward Saidi Tingatinga alianza na vibao vya ujenzi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Hakusubiri turubai lije kutoka Ulaya.

Hoja hiyo nilimpelekea mama kama mtu anayepeleka ushindi. Alisikiliza, akavaa miwani, akafungua kitabu kwenye picha za zile nyuso za vifungo. Akahesabu watoto kwenye picha. Akahesabu watu wazima. Kisha akaniuliza: "Visoda vikipungua, kesho ningefundishia nini?"

Nikanyamaza. Akaendelea, bila hasira. Darasa lake la mwisho lilikuwa na watoto tisini na kitu. Serikali ilipoondoa ada mwaka 2016, watoto walifurika, na ni jambo jema, anasema, maana waliokuwa nyumbani walipata kuja. Ila mwalimu alibaki mmoja. Ukiwapa visoda watoto tisini wafanye watakavyo, mmoja atakiweka puani, mwingine atakipeleka nyumbani akatengenezee gari, na ikifika Ijumaa gunia limebaki nusu. "Mimi sikukataa ucheze," akaniambia. "Mimi nilikuwa nalinda visoda."

Hapo ndipo udhaifu wa kitabu ulipojitokeza, na sikuuona mpaka mama aliponionyesha. Topal na Gandini wanaandika kana kwamba vikorokoro ni vitu visivyo na mwenyewe. Barua yao kwa wazazi inaomba vitu ambavyo nyumba haivihitaji, na katika mitaa yao vipo vingi. Lakini hebu ipeleke barua hiyo Manzese au Tandale. Chupa ya plastiki inauzwa kwa kilo, na kuna mama anayezunguka na kiroba tangu alfajiri kuikusanya. Kopo la siagi ni kipimo cha mchele dukani. Ndoo ya rangi ndiyo ndoo ya maji. Mfuniko unafunika kikombe cha mgonjwa. Nyumba ya namna hiyo haina takataka nzuri, ina vitu ambavyo bado viko kazini. Wazazi wa Kenya walipoanza kuonja mtaala mpya wa umahiri, malalamiko mengi yalihusu jambo hilihili: mtoto anasema jioni kwamba kesho anatakiwa na vifaa, na mzazi anatoka usiku kutafuta. Kitu kinachoitwa cha bure kinakuwa gharama, na anayelipa ni yule asiyenacho.

Kwa hiyo kitabu kina makosa? Hapana. Nadhani kimesema kweli kuhusu mtoto, lakini kuhusu nyumba anayotoka mtoto huyo hakikusema vya kutosha. Na bado nakataa kukiweka kabatini, kwa sababu swali la mama lina jibu, na sehemu ya jibu imo humohumo kitabuni.

Mwaka 1971 mchoraji na mwalimu Mwingereza, Simon Nicholson, aliandika makala kuhusu vitu anavyoviita sehemu huru, yaani vitu vinavyoweza kuhamishwa, kuunganishwa na kutenganishwa. Hoja yake ni kwamba ubunifu wa mtu unategemea idadi na aina za vitu anavyoweza kuvibadilisha mahali alipo. Nilipoisoma nikakumbuka krayoni nyekundu. Mtoto mwenye krayoni moja hachagui, anangoja zamu. Mwalimu mwenye gunia moja hawezi kuachia, analinda. Tunawalaumu walimu wetu kwamba wanakariri na hawana ubunifu, kumbe tunawapa vitu vichache mno kiasi kwamba kila kimoja lazima kiwe na kazi moja tu.

Basi dawa ni wingi, na wingi si lazima uwe wa vitu vya dukani wala wa kuchangisha wazazi. Kila mtaa una fundi seremala ambaye maranda na vipande vya mbao vinamzidi. Fundi cherehani ana vipande vya vitenge vinavyoishia kwenye moto. Kuna mchanga, kokoto, udongo wa kufinyanga, majani. Reggio Emilia walielewa hili: Remida haikuwaomba wazazi, ilikwenda viwandani. Jukumu la kukusanya lilibebwa na mji, halikubebwa na mama mmoja anayegonga visoda kibarazani. Hilo ndilo ambalo Beautiful Stuff! imelipitia juujuu, na ndilo ningetaka mtu wetu aliandikie kitabu, kwa Kiswahili, na darasa la watoto tisini ndani yake. Kitabu hicho kingeanzia kwa fundi seremala. Kingekuwa na sura nzima ya namna ya kuwagawa watoto tisini mafungu mafungu, wengine nje, wengine ndani. Na kisingeweka alama ya kosa kwenye tufaha la bluu bila kwanza kuhesabu krayoni.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwa bibi yake. Njiani tulipita kwa seremala, akatujazia mfuko wa vipande vya mbao bure, akashangaa tunavitakia nini. Tulipofika, mama aliingia chumbani akatoka na gunia. Sikujua kwamba bado analo. Visoda vimefubaa, vingine vimeshika kutu, lakini kingo zote zimegongwa. Akamwaga sakafuni karibu nusu.

Mtoto alikaa pale kwa muda mrefu kuliko anavyokaa kwenye katuni. Alianza kwa kuvigeuza vyote chali. Kisha akaanza kuvipanga juu ya mbao, viwili viwili, vingine akivitoa tena. Mimi, mwandishi wa habari niliyesoma kitabu kizima, nikashindwa kujizuia: "Ni nini hicho unatengeneza?"

"Bado," akasema.

Mama akanitazama juu ya miwani, akaniwekea kidole mdomoni.